Wushu ya wanawake, Hangzhou: upanga, mkuki na kiti nilichouziwa

Nafanya biashara Yiwu, China, kwa hiyo Michezo ya Asia ilipofanyika Hangzhou Septemba 2023 nilipanda treni ya kasi nikaenda ukumbi wa Guali, Xiaoshan, kutazama wushu ya wanawake, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina. Mashindano yenyewe nayapa nyota tano. Programu ya simu niliyokatia tiketi naipa moja. Ramani yake ilionyesha kiti kinachotazama zulia moja kwa moja. Nilipofika nikakuta ni cha pembeni, nyuma ya kamera, na raundi ya upanga nikaishia kuona migongo. Iliniuma, maana nilifunga duka kwa ajili ya siku hiyo.

Mchezaji hapigani na mtu. Anaingia peke yake kwenye zulia la mita 14 kwa 8, anacheza upanga mwembamba wenye makali kuwili, baadaye anarudi na mkuki, alama zinajumlishwa. Alama za juu ni 10: 5 za usahihi wa mikao, 3 za mtiririko wa mchezo, 2 za vitendo vigumu kama miruko. Haya nilielezwa na bibi mmoja Mchina tuliyeketi naye, kwa simu ya kutafsiri. Kila mchezaji alipotua kutoka hewani, bibi alinigusa goti na kunionyesha mguu: ukiteleza hata kidogo, alama imekatwa. Tangu hapo sikutazama tena upanga, nikawa natazama nyayo.

Raundi ya mkuki nilihamia safu ya juu palipokuwa wazi. Jamani! Mti wa mkuki unapinda kama fimbo mbichi, ncha inatetemeka, kishada chekundu kinazunguka mpaka huoni chuma. Halafu mtu anaruka, anajizungusha, anatua kwa msamba, na mkuki bado uko mkononi. Zahra Kiani wa Iran alicheza na hijabu yake, na nilijikuta nimesimama kumshangilia. Alikuwepo pia Dương Thúy Vi wa Vietnam, aliyechukua dhahabu kwenye Michezo ya Asia ya Incheon 2014. Safari hii dhahabu ilikwenda kwa Lai Xiaoxiao wa China, na kwa utulivu wa miguu yake sina ubishi.

Wushu imo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Binti yangu ameshaniomba twende. Mungu akijalia nitampeleka, na tiketi nitaikata dirishani, baada ya kuuliza kiti kinatazama wapi.