Microsoft Defender: ya bure, lakini inatosha?

Assalaam alaykum, watazamaji wetu. Leo tunaichambua Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja ndani ya Windows 10 na 11, hulipii hata senti. Nianze na hukumu kabisa: kwa laptopu ya nyumbani inatosha. Ile antivirasi ya wizi, nakala isiyo na leseni, unayotiliwa mitaa ya Darajani, iache. Ukiitia, Defender hujizima kuipisha, na hiyo ya wizi ikikosa masasisho, unaweza kubaki huna hii wala ile.

Adui wetu mkubwa hapa ni flashi. Umekwenda steshenari, Mlandege au Chake, kuchapisha fomu. Umerudi, mafaili yote yamegeuka shotikati, yaani njia za mkato. Usibofye hata moja, maana kubofya ndiko kunakokiamsha kirusi. Bofya kulia kwenye jina la flashi, chagua Scan with Microsoft Defender. Msitegemee Full scan, ule ukaguzi wa kompyuta nzima, kwa kawaida flashi huiruka. Ikishasafika, mafaili hayakupotea, yamefichwa tu. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hapo E iwe herufi ya flashi yako, tafadhali, si ya diski ya Windows!

Kirusi kikigoma, kuna Offline scan, ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka. Kompyuta hujizima na kuwaka upya, kazi ya kama dakika 15. Chaja iwe imechomekwa, umeme wetu mnaujua.

Kitu kizuri wamekificha: Controlled folder access, ndani ya Ransomware protection, kinga dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa. Huja imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyoaminika haigusi Documents wala Pictures. Kero yake, huweza kuzuia hata programu halali ya hesabu za duka, mpaka uiruhusu mwenyewe. Tamper Protection nayo, inayozuia programu nyingine kuizima Defender, iwe imewashwa. Na programu yoyote inayosema "zima antivirasi kwanza", hasa hizi za kuamilisha Windows bure, ifute.

Kasoro? SmartScreen, inayozuia tovuti za matapeli, iko kwenye Edge. Chrome ina kinga yake mbali. Na akikupigia "wakala" anataka nambari ya siri iliyoingia kwa meseji, Defender haina habari.

Wenye Windows 10, Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Defender bado inapata masasisho ya virusi, lakini mianya mipya ya Windows yenyewe haizibwi, isipokuwa umejiandikisha kwa masasisho ya nyongeza. Pakua PC Health Check kutoka Microsoft wenyewe, itakwambia kama mashine yako inakubali Windows 11.