Paka mdogo au mkubwa? Uliza kwanza alinyonya wiki ngapi

Kila kanga yangu ina matundu kwenye pindo. Ni kazi ya Pilipili, paka niliyemnunua miaka mitatu iliyopita kwa shilingi 80,000, akaletwa na bodaboda ndani ya boksi la viatu. Muuzaji aliniambia kwenye simu, "Dada, huyo ana miezi miwili kamili, kashaacha kunyonya, anakula mpaka ugali." Nilipomweka kwenye mizani ninayopimia unga alikuwa gramu 390. Macho bado ya bluu. Usiku wa kwanza alimpanda binti yangu shingoni, akatafuta sikio lake, akalinyonya hadi alfajiri huku akimkandakanda kwa vikucha. Kesho yake daktari wa mifugo alimfungua kinywa, akatazama meno, akasema: wiki nne, zikizidi tano.

Wanaoniandikia kutaka paka huuliza kama ni heri mdogo au mkubwa, halafu wanahamia kwenye rangi, manyoya, jike au dume. Hayo siyagusi, utayaona kwa macho yako. Swali ambalo hakuna anayeliuliza ni moja tu: alitolewa kwa mama yake akiwa na wiki ngapi?

Paka huanza kulamba chakula akiwa na wiki nne hivi, na hapo ndipo wauzaji wanaposema "kashaacha". Kula si kuacha ziwa. Ataendelea kunyonya mpaka karibu wiki ya nane, na hata maziwa yakikatika bado ana ya kujifunza pale alipo. Akimuuma ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakwisha. Akimuuma mama, anachapwa kofi. Hivyo ndivyo anavyoujua ukali wa meno yake. Aliyenyimwa mafunzo hayo huja kuyatafuta kwenye vifundo vya miguu yako. Pilipili ni paka mzima sasa, na bado ananirukia miguu nikipita koridoni. Akija mgeni mwenye mtoto, namfungia chumbani. Hizo kanga nazo si hasara ya nguo tu: wapo wanaonyonya kitambaa hadi kukimeza, na uzi mrefu ukinasa tumboni unaweza kuukunja utumbo mpaka apasuliwe.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, na nalipendelea wazi, ni jike wa kienyeji wa miaka miwili hadi minne aliyekwisha kuishi na watu, na kama amefungwa kizazi ni bora zaidi. Huyu hana siri. Mpole utamwona mpole, mwoga utamwona mwoga, na mchanga wa kujisaidia anaujua. Wengi humkimbia wakidhani amebakiza siku chache, wakati paka anayetunzwa nyumbani anaweza kufika miaka 15 na kuipita. Na hesabu ya daktari ni nyepesi. Mdogo anahitaji chanjo zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12, dawa ya minyoo mara kwa mara, na akiwa jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, watoto wake ukawatafutie nyumba.

Wangu wa pili nilimpata kwenye bucha la mtaani kwetu lilipofungwa. Mwenye bucha alitaka mtu wa kumlea tu, hakutaka hela. Ana mistari ya kijivu na sikio lenye pengo. Nikipepeta dagaa anakaa kizingitini na mkia kauzungushia miguu yake, anangoja aitwe. Hajawahi kunikwaruza. Paka wa namna hii utawapata kwa majirani wanaohama, kwa wauza samaki, na walio Nairobi wanaweza kwenda KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wanaotafutia paka na mbwa makazi mapya.

Namba mbili ni mtoto wa wiki 10 hadi 12 uliyemwona na mama yake. Nasema uliyemwona, si uliyetumiwa picha. Nenda mwenyewe. Macho yenye ubluu wa maziwa ni ya mtoto aliye chini ya wiki saba hivi, ingawa wapo wachache wanaobaki na bluu maisha yao yote. Mfungue kinywa: wa wiki nane ana magego ya utotoni huko nyuma, si sindano za mbele peke yake. Mpime pia. Wa wiki nane mwenye afya hukaribia gramu 800. Akiwa chini ya nusu kilo mwache kwa mama yake, lipa kianzio ukitaka, urudi baada ya mwezi. Ukiweza chukua wawili wa tumbo moja, watafundishana kuuma.

Namba tatu ni Persian, yule paka wa manyoya marefu. Uso uliobonyea unamtoa machozi na kumbana pumzi, joto la Dar linamwonea, manyoya yanataka kitana kila siku, na ukoo wao una ugonjwa wa figo wa kurithi. Kwa laki kadhaa unazotoa, angalau udai kuona wazazi wake. Msomaji mmoja wa Tanga alinitumia picha ya kadi ya chanjo aliyopewa: mihuri mitatu ya wino uleule, tarehe hakuna. Huo ni wizi, na unamwumiza kiumbe asiyeweza kusema. Wauzaji wanajua wanachofanya. Kadogo ndiko kanakouzika, kakifika miezi mitatu mteja anapunguza bei, kwa hiyo wanakang'oa kwenye ziwa mapema wapate laki yao. Nyumbani kwetu paka aliombwa kwa jirani, na bibi yangu hakumtoa mpaka mama yake mwenyewe aanze kumfukuza kwenye chuchu.

Wa bure waliotupwa kwenye boksi bila mama: wachukue kwa huruma, na siku hiyohiyo wapeleke kwa daktari. Usiwape maziwa ya ng'ombe, yatawaharisha.

Sasa, ukimpata huyo mkubwa, kuna jambo moja la kuliwahi. Ukimwachia mapema atarudi alikotoka, hata avuke barabara mbili. Mkalishe chumba kimoja wiki mbili, na chakula na mchanga wake humohumo, umzoeze sauti yako. Na siku unayomchukua, omba gunia au tambara alilokuwa akilalia. Usilifue.