Helmeti ya baiskeli: ya kawaida au yenye ganda linaloteleza?

Ukizigonga kwa kidole zinalia sawa. Tofauti utaiona ukiingiza mkono ndani: moja ni povu na sponji tu, nyingine ina ganda jembamba la plastiki, mara nyingi la njano, linalocheza milimita 10 hadi 15 kila upande.

Ya kawaida ina kazi moja, na inaiweza: povu linabonyea, pigo linapungua makali, fuvu linasalimika. Lakini ubongo ni laini. Mwaka 1943 mwanafizikia Mwingereza A. H. S. Holbourn alieleza kwamba kinachouumiza hasa ni kichwa kuzungushwa ghafla. Na mwendesha baiskeli haanguki wima kama nazi. Anatua mshazari, lami inaidaka helmeti, kichwa kinasokotwa.

Ya pili, iliyobuniwa Stockholm, Uswidi, na daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mtafiti Peter Halldin, inateleza kidogo hapo ili msokoto usifike wote kichwani. Ni ghali zaidi, na haizuii kila mtikisiko wa ubongo. Mimi ningeichukua, mradi inanikaa sawasawa. Ikiwa inapwaya, heri ya kawaida inayoshika. Yoyote iliyokwisha kugonga lami, itupe: povu likishabonyea halirudi.