Alien ya 1979 kwenye diski ya 4K: zima taa kwanza

Mara ya kwanza nilikutana na kiumbe wa filamu hii ya kutisha ya angani kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, jua linapenya matundu ya bati. Sikuona kitu. Picha ilikuwa nyeusi tii na sauti ya mtafsiri ilimeza ya filamu yenyewe. Tulicheka kuliko kuogopa. Kwa hiyo juzi nikainunua diski ya 4K, yenye picha kali zaidi, iliyotoka 2019, filamu ilipotimiza miaka 40, nione nilichokikosa.

Usiiweke mchana. Nilijaribu, nikaishia kujitazama mwenyewe kwenye kioo cha runinga. Usiku nikazima taa, nikapunguza mwangaza, nikaondoa na ule mpangilio wa kulainisha picha unaofanya kila filamu ifanane na tamthilia. Hapo ndipo giza la ndani ya chombo cha angani likawa giza kweli, lenye unyevunyevu na minyororo inayoning'inia.

Mwongozaji, Ridley Scott, hana haraka. Inapita karibu saa nzima kabla kifua cha Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, hakijapasuka mezani na kiumbe kuchomoza. Muda wote huo unakaa na wafanyakazi 7 na paka mmoja ndani ya Nostromo, chombo kinachokokota mzigo wa tani milioni 20 za madini kurudi duniani, huku Parker na Brett wakinung'unikia mgawo wao wa malipo. Watu hao nawajua. Ni dereva wa lori la masafa na utingo wake, isipokuwa barabara yao ni nyota. Ndiyo maana mmoja akipotea unaumia.

Kiumbe mwenyewe alibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, ambaye hakumpa macho. Hujui kama anakutazama au la. Aliyevaa vazi lile ni Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa mwanafunzi London, mrefu kupita mita mbili, waliyemkuta baa tu. Mkia ulimnyima kukaa kitini, ikabidi atengenezewe bembea ya kupumzikia. Tangu nijue hilo nimekuwa nikiitafuta miguu yake kila anapotokea: mirefu, myembamba, inajikunja pasipotarajiwa. Anaonekana dakika chache mno, vipande vipande, mate yanadondoka. Viumbe wa siku hizi wa kompyuta wanazungushwa uwaone pande zote, na mwanangu anaendelea kutafuna bisi.

Ubora huu wa picha una hasara yake. Mwishoni, kwenye kile chombo kidogo cha kutorokea, kiumbe anaonekana mzimamzima na unaona wazi kuna mtu ndani ya vazi. Kwenye kibanda umiza lisingejulikana.

Diski ina matoleo mawili, la 1979 na la 2003. Hilo la pili limerudisha tukio la nahodha Dallas aliyegandishwa ukutani (samahani kwa ambaye hajaona). Linatisha, lakini limewekwa wakati Ripley, mhusika mkuu, anakimbia kuokoa maisha, mbio zote zinapoa. Anza na la 1979.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nimekata moja kwa sababu ya sauti: mazungumzo yako chini, unaongeza, kisha king'ora kinalia na jirani anagonga ukuta. Kasha nalo lilifika limepasuka na muuzaji hajajibu ujumbe wangu hadi leo, ila diski haina mkwaruzo.

Manukuu ya Kiswahili hayamo. Shangazi yangu, aliyekuja kutusalimia, alikaa nami akiuliza kila baada ya dakika, "Wamesemaje, baba?" Kane alipoanza kutapatapa mezani hakuuliza tena. Alijifunika kanga usoni, kisha akanyanyuka kwenda kulala, akaacha taa ya chumbani inawaka mpaka alfajiri. Asubuhi kwenye chai alikuwa na swali moja tu: yule paka alipona?