Kadi, simu au gagulo: nilivyolipa Guangzhou kwa siku kumi na moja

Safari yangu ya kwanza Guangzhou, Uchina, nilifuatana na mwenyeji, akawa ananilipia kila kitu kisha namrudishia Dar kwa shilingi. Safari hii nilikwenda peke yangu. Kilichoninyima usingizi wiki nzima kabla ya kupanda ndege ni fedha, yaani nazibeba vipi. Nauza mikoba na nguo za watoto Kariakoo. Mtaji wangu si wa kutisha, lakini ukipotea sina wa kumlilia.

Dada wa dirishani kwenye benki yangu aliniambia nisihangaike, kadi yao ya dola inakubalika popote duniani. Mama mmoja wa jengo letu, aliyeanza kwenda Uchina kabla mimi sijamaliza shule, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hiyo plastiki utajipepea nayo." Sikutaka kumwamini mmoja nikamwacha mwingine, nikabeba vyote: dola 4,800 taslimu, dola 2,000 kwenye kadi, na Alipay kwenye simu, yaani programu ya Kichina ya kulipia, nimeiunganisha na kadi hiyohiyo.

Kwa nini 4,800 na si 5,000 kamili? Ukiingia Uchina na fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani. Kutangaza si kosa, unajaza fomu tu, ila nilitua nimechoka na sikutaka foleni nyingine. Kwetu kiwango cha kutangaza ni dola 10,000, kwa hiyo wengi hutoka Dar wakidhani na kule ni vilevile.

Dola zenyewe nilizikagua noti moja moja palepale kaunta. Zenye mchaniko, zenye mhuri wa wino na zile za zamani zenye kichwa kidogo nilizirudisha, maana anayekuuzia leo ndiye atakayezikataa kesho ukimrudishia. Fundi wangu wa Kariakoo akanishonea gagulo lenye mfuko wa zipu kwa ndani. Wahenga walisema hamadi kibindoni, silaha mkononi. Mimi dola zilikuwa kibindoni, mkononi nina simu.

Nianze na kadi yenyewe, ile unayoingiza kwenye mashine. Kwa siku kumi na moja niliitumia mara mbili. Masoko ya jumla hawana habari nayo. Baiyun pale Sanyuanli, kwenye majengo ya mikoba, nilimwonyesha muuzaji kadi akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili kwa adabu zote, kisha akanionyesha karatasi ya QR ukutani. Duka la pili, hivyohivyo. La tatu sikuitoa tena.

Hotelini ndipo ilipofaa. Usiku kumi ulikuwa yuani 3,800. Hapa nisikilizwe vizuri, maana wengi wanaumia bila kujua. Binti wa mapokezi aliingiza kadi, mashine ikauliza: ulipe kwa dola au kwa yuani? Kwa dola ilisoma 552. Ukiona dola unajisikia nyumbani, unabonyeza. Usibonyeze. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia na anajipa faida yake humo ndani. Nilimwomba afute, tukachagua yuani, na kwenye taarifa ya akaunti nilikuja kuona nimekatwa dola 533. Dola 19 zimeokolewa kwa kidole kimoja. Na kama kadi yako ni ya akaunti ya shilingi, jiandae zaidi, kwani shilingi inageuzwa kuwa dola ndipo igeuzwe yuani, na kila mgeuko una mtu wake anayekula.

Mara ya pili ilikuwa ATM. Mashine niliyoikuta karibu na hoteli ilinipa yuani 2,000 bila ubishi, lakini makato ya benki yangu ya nyumbani yalinifanya niape kutorudi. Kadi peke yake naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za hoteli.

Sasa simu. Mtu aliyezoea Lipa Namba hapati taabu Guangzhou, atajiona yuko nyumbani, ila kila kitu ni kuskani. Nauli ya basi, maji, supu ya tambi za Waislamu wa Lanzhou pale Xiaobei, mpaka mzee mmoja wa viazi vitamu vya kuchoma alikuwa amejining'iniza QR shingoni kama kitambulisho cha kazi. Unaskani, unaandika kiasi, na kidude cha sauti dukani kinatangaza kwa Kichina kiasi kilichoingia, muuzaji hata hainui macho. Wachina wenyewe huita Alipay Zhifubao. Kwa kuwa kidude hutaja jina hilo kila mara, siku ya tatu nilikuwa naliimba bila kujitambua.

Kujiandikisha nilifanyia Dar, kwa pasipoti na namba yangu ya +255. Fanyeni hivyo pia. Kuunganisha kadi kunahitaji ujumbe wa uthibitisho kutoka benki, na ujumbe huo unakuja kwenye laini ya nyumbani. Ukifika kule hujawasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi, utaungoja mpaka urudi. Laini ya nyumbani ina faida nyingine: WhatsApp na Google zimefungwa kwenye intaneti ya Uchina, lakini ukitumia data ya laini yako ya Tanzania zinafunguka, ghali tu.

Makato ya Alipay yako hivi. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana ada. Yakizidi hapo, kadi ya kigeni inakatwa asilimia 3 ya kiasi chote. Kwa chakula na usafiri hutaisikia kabisa. Lakini hebu piga hesabu ya mzigo. Dola zangu 4,800 zilikuwa kama yuani 34,000. Asilimia 3 ya hapo ni yuani 1,020. Mkoba niliokuwa nanunua ulikuwa yuani 60, kwa hiyo ningeacha mikoba 17 kwenye simu, bure. Niliwahi kujaribu ujanja wa kukata malipo ya yuani 590 vipande vitatu, muuzaji akavumilia. Kwa yuani 6,000 huwezi kumfanyia mtu hivyo, atakufukuza.

Kingine, kadi ya kigeni humo ndani inalipa maduka, haimtumii mtu fedha. Kijana aliyenisukumia mzigo kwenye kitoroli hadi kwa watu wa kago alinifungulia simu nimrushie yuani 30, ikagoma. Nilimpa noti. Alizipokea kama mtu aliyepewa sarafu ya mkoloni, akacheka, akazitia mfukoni.

Na chaji! Betri ikiisha wewe ni maskini. Mitaani kuna mashine za kukodisha pawabenki kila kona, nikazifurahia sana mpaka siku simu ilipozima nikasimama mbele ya mojawapo na kugundua kwamba ili uikodishe lazima uiskani. Kwa simu ipi?

Siku iliyoniharibia ni ya nne, Shisanhang. Hilo ni soko la nguo linaloamka kabla ya jua na kuanza kufunga mapema mchana. Nilifika alfajiri, nikazunguka, nikapata magauni ya watoto niliyoyatafuta safari mbili. Tukabishana kwa kikokotoo, yeye anaandika, mimi nafuta, tukafikia yuani 6,400. Fedha taslimu nilizokuwa nimeshabadilisha zilikuwa zimebaki hotelini, maana nilijiambia leo nitumie kadi kupitia simu, nikubali hasara ya asilimia 3 kuliko kubeba mfuko. Nikaskani. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa, na safari hii ujumbe ukaja kutoka benki yangu: muamala umezuiwa kwa usalama wako, piga simu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Guangzhou iko mbele ya Dar kwa saa tano, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Muziki. Nikapiga tena, muziki uleule, na kila dakika ya muziki nailipia kwa bei ya simu ya nje. Tawi langu linafunguliwa saa mbili na nusu, ambayo kule ni saa saba na nusu mchana. Muuzaji alinisubiri, simlaumu, alisubiri karibu saa nzima. Kisha akaja mteja mwingine, akaskani, kidude kikatangaza, magauni yangu yakafungwa kwenye mifuko myeusi ya watu wengine.

Benki waliponipata mchana walikuwa wapole sana. Waliniambia ningetoa taarifa ya safari kabla, wangeifungulia kadi. Dada wa dirishani, yule wa popote duniani, hakunitajia neno hilo. Wakaifungua ndani ya dakika tano, na mimi niko kwenye ngazi za soko naangalia wafagiaji.

Tangu siku ile mzigo wote nililipa kwa noti. Asubuhi iliyofuata niliingia benki pale mjini na pasipoti, nikajaza karatasi, nikangoja kama saa moja, nikatoka na mafungu ya noti nyekundu za yuani 100. Noti kubwa kuliko zote Uchina ndiyo hiyo, kwa hiyo yuani 10,000 ni noti mia moja, na mkoba unanenepa haraka. Risiti ya kubadilishia itunze. Ndiyo itakayokuruhusu kugeuza yuani zilizobaki kuwa dola kabla hujaondoka. Wale jamaa wa Xiaobei wanaokunong'oneza kiwango kitamu barabarani mimi nawapita, sina macho ya kutambua noti bandia ya Kichina usiku.

Nikiri jambo moja lililonishangaza. Nilidhani fedha mkononi itanishushia bei, kama ilivyo kwetu, mtu akiona noti moyo unalainika. Haikushusha hata yuani moja. Kwa muuzaji wa kule malipo ya simu ya Mchina mwenzake na noti ni mamoja, na noti zina kazi ya ziada ya kupitisha kwenye mashine ya kuhesabia na kuangalia bandia. Mmoja alinung'unika waziwazi. Lakini alipokea, kwa sababu sheria haimruhusu kukataa yuani taslimu. Chenji ndiyo tatizo, hasa kwa dereva wa teksi na vioski. Neno la kujifunza ni xianjin, yaani fedha taslimu. Ulitamke kabla ya kuanza kubishana bei, usingoje mwisho.

Noti zilinisaidia pia kwenye malipo ya awali. Kwa mzigo wa kushonesha, kiwanda kinataka asilimia 30 kwanza na kilichobaki siku ya kuchukua. Ukiwa na noti unalipa, unaandikiwa karatasi, unapiga picha karatasi pamoja na kadi ya duka, basi. Hakuna muziki wa benki kati yenu.

Kero yake ni gagulo. Kila nikitaka kulipa naomba choo kwanza. Pale Baiyun mlinzi wa choo cha ghorofa ya pili alianza kunisalimia kama jirani, nadhani aliamini tumbo langu lina shida. Na kuzunguka eneo la stesheni ya treni, kwenye masoko ya Baima na yale ya viatu, umebeba mtaji wa miezi sita kiunoni si raha. Nilikuwa naenda sokoni na kiasi cha siku hiyo tu, mengine kwenye kasiki ya chumbani.

Noti kwa mzigo naipa nyota nne, simu kwa maisha ya kila siku nyota nne na nusu. Safari ijayo nitaongeza kadi ya pili ya benki tofauti, nikaiunganishe na simu hiyohiyo, moja ikilala nyingine iamke. Rafiki yangu anatumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, anaijaza kidogo kidogo ili ikiibwa isiondoke na akaunti nzima. Mimi bado sijaijaribu.

Nilirudi na yuani 340 nilizosahau kwenye mfuko wa koti. Ziko kabatini ndani ya bahasha, zinangoja safari ya Oktoba. Ile amana ya yuani 600 ambayo hoteli ilizuia kwenye kadi siku ya kwanza, mbali na bei ya chumba, nilipigania kwa simu na benki mpaka ikarudi siku ya 19. Ilirudi ikiwa pungufu kwa dola moja na senti, na nilipouliza kwa nini, wakaniwekea tena ule muziki.