Mashine ya kwanza ilikula disiki: uzoefu wangu wa kupiga santuri nyumbani, Lubumbashi

Baba mdogo alipofariki na nyumba yake ya Kamalondo kufunguliwa, ndugu zangu waligawana viti, friji na mabati. Mimi nikaachiwa kasha la disiki kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Disiki ndivyo tunavyosema huku. Kwingine ni santuri, nami nitayachanganya majina yote mawili. Juu mlikuwa na LP, zile kubwa, za Kinshasa za miaka ya 70, katikati zile ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) zenye tundu pana, na chini kabisa, zimeviringishwa kwenye gazeti, 78 kumi na moja, za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, nzito kama sahani za udongo. Nyingine zina lebo ya Ngoma, nyingine Gallotone.

Hamu ya kuzisikia ikanikurupusha. Nilinunua mashine ya kupiga disiki ya sanduku, ile inayofungwa kama begi la safari, ina spika zake tumboni na bluetooth juu yake, dola 65. Kwa macho inapendeza, siwezi kudanganya. Nikaweka LP ya bendi ya OK Jazz, watoto wakacheza, jirani akaja kuchungulia. Wiki ya tatu nikasikia gitaa za juu zinakwaruza, kama mtu anakaanga karanga nyuma ya mwimbaji. Nikadhani vumbi. Nikaosha, nikakausha, nikaweka tena. Karanga ziliendelea.

Nikaibeba hadi Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi) kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na ampli (vikuza sauti). Hakufungua kitu. Alitoa kamizani kadogo ka kupimia dhahabu, akalaza sindano juu yake, akanionyesha: gramu 6 na kidogo.

“Mwana yangu,” akasema, “hii haiko sindano, hii ni jembe.”

Nilichojifunza siku ile ndicho ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa pesa. Mashine nyingi za bei ya chini hutumia kichwa (kile kipande kinachobeba sindano) cha kauri, ambacho hakitoi sauti nzuri mpaka kikandamizwe kwa uzito. Kichwa cha sumaku kinatosheka na gramu 2 au 3, na vingine hata chini ya hapo. Tofauti ya gramu tatu ni ndogo ukiwa unapima chumvi, lakini hapa uzito wote umesimama juu ya ncha usiyoiona vizuri kwa macho, na ncha hiyo inasuguana na plastiki. Ikishakwangua mtaro wa disiki, ule wenye sauti, mtaro haurudi. Mashine utanunua nyingine. Disiki ya baba mdogo utaipata wapi? Kwa hiyo muuzaji akikusifia rangi na bluetooth, wewe muulize sindano inakandamiza gramu ngapi. Asipojua, ondoka.

Ya pili nilikwenda taratibu. Nikaagiza Audio-Technica AT-LP60X kupitia binamu anayefanya safari za Afrika Kusini. Pamoja na usafiri hadi ilipovuka mpaka wa Kasumbalesa ilinigharimu dola 210. Ina kichwa cha sumaku, uzito umepangwa kiwandani, huwezi kuubadilisha, nami kwa tabia ya watoto wangu naona afadhali. Unabonyeza kitufe, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka wenyewe, disiki ikiisha unarudi kulala. Kile kipande cha kuzibia tundu pana la 45 kimo ndani ya boksi. Sauti ni safi, gitaa zimerudi kuwa gitaa, isipokuwa kwenye ule upande niliouharibu mwenyewe.

Aibu yangu ilikuwa kwenye nyaya. Nina ampli ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO nyuma, nikachomeka humo, spika zikanguruma nusura zipasuke. Sumaku ya kichwa hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu. Tena disiki hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni inayoitwa RIAA iliyoenea tangu miaka ya 50, kwa hiyo lazima kuwe na kifaa cha kukuza na kurudisha besi mahali pake kabla ya ampli. AT-LP60X inacho ndani, na ampli yangu pia ilikuwa nacho. Viwili vikafuatana. Nyuma ya mashine kuna swichi: ukiiweka LINE unachomeka popote, hata kwenye redio ya kawaida, ukiiweka PHONO unaiachia ampli kazi. Chagua kimoja. Dakika moja ya kazi, mimi ilinichukua Jumapili nzima.

Sasa umeme, maana hatuishi Paris. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme wa ukutani, na wetu ni hezi 50. Jirani yangu aliletewa mashine nzuri ya mbao kutoka Marekani, ambako ni hezi 60, akatafuta transfoma ya kushusha volti, akawa na uhakika amemaliza. Transfoma haigusi hezi. LP inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilizunguka kama mara 28, na kila mwimbaji akawa na sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jenereta nayo ikichoka, muziki unachoka pamoja nayo. Yangu inapata umeme kwa adapta ya volti 12, na hata umeme ukiondoka nikahamia kwenye betri na inveta, kasi haitikisiki. Kwa jiji hili hilo pekee lilitosha kunishawishi.

Kasoro zipo. Ni plastiki nyepesi, besi yake si ya kutikisa ukuta, na mtoto akipita anakimbia sindano inaruka. Nimeitoa kwenye meza ya mbao iliyobeba spika nikaiweka juu ya rafu ya saruji. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, kwa hiyo kila upande napiga brashi ya nyuzi za kaboni kwanza. Agiza sindano ya akiba siku ileile unayonunua mashine, kwa sababu hapa mjini mimi nilizunguka sana bila kuipata.

Halafu zile 78. AT-LP60X ina kasi mbili tu, 33 na 45, na hata ingekuwa na ya tatu, mtaro wa 78 ni mpana mara kadhaa, unahitaji sindano nene yake yenyewe. Tena si plastiki ya vinili kama LP, ni shelaki: ikianguka inavunjika kama sahani, na ukiifuta kwa spiriti inayeyuka. Zimelala kwenye gazeti lao. Mojawapo ni ya Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Sijawahi kuisikia ikiimba.

Fundi ameniomba niilete, ana gramofoni ya kuzungushwa kwa mkono. Nikamuuliza mkono wa sindano wa gramofoni hiyo unakandamiza gramu ngapi, akatazama pembeni. Nimemwambia nakusanya pesa ya AT-LP120X, yenye kasi ya 78 na uzito unaoupanga mwenyewe, pamoja na sindano nene. Akacheka, akaniambia yeye mwenyewe ametimiza 78 mwezi uliopita, kwa hiyo nifanye haraka.