Himalayan 411 kwa safari ya wikiendi: nzuri kwenye kona na kando ya mto, inachosha kwenye barabara kuu

Kwa safari ya Jumamosi na Jumapili kwenye barabara za vijijini zinazopindapinda kando ya mto, Royal Enfield Himalayan yenye injini ya cc 411 inafaa kuliko pikipiki nyingi zenye nguvu mara mbili yake. Injini ya silinda moja ina nguvu farasi 24 tu, lakini mvuto wake unapatikana mapema, kwenye mizunguko 4,000 hivi kwa dakika. Kona zikifuatana unabaki gia ya tatu, unaachia mafuta ukiingia na kuongeza ukitoka, basi. Ukiilazimisha kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu inatetemeka na mikono inakufa ganzi. Raha yake iko kati ya 50 na 90.

Shokapu za mbele zinacheza milimita 200, nyuma 180, na gurudumu la mbele ni inchi 21. Mashimo na mizizi inayotokeza barabarani linayapita bila kukung'ata. Kwa upande mwingine, gurudumu kubwa ni zito kugeuka, hivyo kwenye kona za kulia-kushoto anza kuilaza mapema: sukuma mbele mkono wa upande unaokwenda.

Breki ya mbele ndiyo udhaifu wake mkubwa. Ni diski moja, nayo inasimamisha pikipiki ya kilo karibu 200 kabla hujafunga begi. Kwenye mteremko mrefu shusha gia mapema, injini ikusaidie, la sivyo pedi zinapata moto na mkono wa breki unalegea. Matoleo ya kuanzia 2020 yana swichi ya kuzima ABS ya nyuma, yaani mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukifunga breki. Izime kwenye mteremko wa changarawe, iwashe ukirudi lami.

Kando ya mto tahadhari ni nyingine. Mvua huburuta mchanga hadi katikati ya kona, na kivulini lami hubaki na utelezi hata jua likiwa juu. Daraja la mbao livuke wima, bila breki wala kuongeza mafuta ghafla. Ukivuka maji, bana breki kidogo kidogo mita kadhaa zinazofuata zikauke, na jioni paka cheni mafuta ikiwa bado ina joto.

Tenki ni lita 15. Kwa mwendo wa taratibu hesabu kilomita 28 hivi kwa lita, kwa hiyo tenki moja linaweza kumaliza safari nzima. Vitu vizito viweke chini na karibu na tenki; fremu za pembeni mbele zimewekwa kwa kazi hiyo. Begi zito likikaa juu ya keria ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inasukumwa nje ya kona.

Pancha ndiyo itakayokula muda wako, maana rimu ni za spoki na ndani kuna tyubu. Beba tyubu ya inchi 21 peke yake: kwa dharura inaingia hata nyuma kwenye inchi 17, ukienda polepole hadi kwa fundi. Stendi kubwa inakuja na pikipiki, na hapo ndipo utaishukuru. Ukingo wa tairi ukigoma kutoka, usiongeze nguvu. Kanyaga upande wa pili uzame katikati ya rimu, ndipo utapata nafasi. Anayelazimisha huikata tyubu mpya kwa chuma chake mwenyewe. Kabla ya kuirudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta msumari. Gundi ya kiraka iache ikauke hadi isishike kidole.

Baada ya Himalayan mpya ya 450 kutoka mwishoni mwa 2023, wengi sasa wananunua 411 iliyotumika. Ipandishe stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole: ukinasa katikati, bearingi zimekwisha. Gonga spoki moja moja, inayolia butu imelegea. Za mwanzo, za 2016, zina kabureta. Yenye injeksheni inawaka kirahisi zaidi asubuhi ya baridi. Angalia pia miguu ya shokapu za mbele, chini ya sili. Pete ya mafuta hapo ni dalili ya sili zilizochoka, na mafuta hayo yakishuka hadi kwenye diski, breki ambayo tayari ni dhaifu haitashika kabisa.